Kabla hujalipa, ingia nayo gizani

Mwezi huu karibu barua zote zina swali moja lililobadilisha kanga: simu ya bei ya kati, si ya tochi wala si ile ya bei ya pikipiki, naipimaje? Nimechagua nne. Ya mwalimu nimeijibu kwa urefu kwa sababu kauliza kila kitu, na kwa sababu ni mtu wa taarab.

Dada Fundi, salaam. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Korogwe, nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Kuna duka linaniuzia Samsung Galaxy A34, used kutoka Dubai, kwa laki nne na nusu. Kijana wangu anasema niongeze hela nichukue A54. Matumizi yangu ni kusoma kazi ambazo wanafunzi wananitumia, magazeti, laini mbili, na memori kadi yangu yenye taarab niliyoikusanya tangu enzi za kaseti. Nieleze umbo, kioo, sauti na kasi. Nataka ukweli, maneno ya dukani nimeshayasikia. — Mwalimu, Korogwe

Shikamoo Mwalimu. Hiyo simu naijua nje na ndani, maana nimefungua nyingi hapa mezani kwangu Kariakoo. A34 na A54 zilitoka pamoja, Machi 2023, ni ndugu wa tumbo moja. Kijana wako hajakosea, A54 ndiyo kaka. Lakini ningekuwa wewe ningechukua A34, na sababu yangu ya kwanza ni ya kifundi: mgongo. A54 ina mgongo wa kioo. A34 ina mgongo wa plastiki. Watu wakisikia plastiki wananuna, wanaona wamepunjwa. Mimi ninayekaa na pinseti nikichomoa vipande vya kioo kwenye migongo ya watu nasema plastiki ni rehema. Ikidondoka kwenye sakafu ya darasa inapata mkwaruzo, unaifuta na shati, maisha yanaendelea.

Ni simu kubwa. Urefu wake milimita 161, upana 78, uzito gramu 199. Ukiwa umeshika chaki mkono wa kulia, kidole gumba cha kushoto hakifiki kona ya juu. Mgongo unang'aa na unakusanya alama za vidole, basi itie kava ya mpira, hata ya bei ndogo, umalize.

Nikiwa bado kwenye chaki: kisomeo cha alama ya kidole kimefichwa chini ya kioo, nacho kinasoma kwa mwanga. Kidole kilichokaushwa na vumbi la chaki kinakichanganya. Wateja wangu walimu wote wanalalamika hivyo, nao nawafundisha ujanja mmoja: kisajili kidole kile kile mara mbili, mara ya kwanza kikiwa safi, mara ya pili mara tu baada ya kipindi. Na ukishabandika protekta, futa alama ulizosajili uzisajili upya juu ya hiyo protekta.

Sasa jambo ambalo muuzaji hatakwambia mpaka umeshalipa. Kitoleo cha laini kina nafasi mbili tu, na ya pili inagombewa: ama laini ya pili, ama memori kadi. Vyote viwili havikai. Wewe una laini mbili, bila shaka kila moja na pesa zake, na una kadi ya taarab. Hapo kuna mmoja atalala nje. Usinunue kwanza ndipo ugundue.

Lakini tupige hesabu. Wimbo uliohifadhiwa kwa kiwango cha kawaida cha MP3, kilobiti 128 kwa sekunde, unakula karibu megabaiti 1 kwa dakika. Taarab ya zamani haina haraka, tuseme dakika 15 wimbo mmoja. Nyimbo 1,000 za namna hiyo ni GB 15. Simu ya GB 128, hata baada ya mfumo na programu zake kukata zaidi ya GB 20, itakubeba wewe na kundi zima la taarab na wapiga makofi. Hamisha nyimbo ziingie ndani ya simu, kadi uifungie kabatini iwe akiba. Ukipata ya GB 256 kwa tofauti ndogo, chukua.

Kioo. Hapa nakaa kitako, maana hapa ndipo watu wanaibiwa.

Kioo halisi cha A34 ni AMOLED, aina ya kioo nitakayoieleza hapa chini, inchi 6.6, nukta 1080 kwa 2340. Hujichora upya mara 120 kwa sekunde, wakati simu nyingi za zamani hujichora mara 60, ndiyo maana ukisukuma gazeti maneno yanateleza bila kutetereka. Juani kinapanda mpaka niti 1000 (niti ni kipimo cha mwangaza) kwa mujibu wa Samsung, lakini kinapanda hivyo pale tu mwanga wa kujirekebisha ukiwa umewashwa. Wengi wanauzima kulinda betri, halafu wanalalamika kwamba hawaoni kitu saa saba mchana. Rangi zinakuja zimekolezwa, embe linaonekana kama limepakwa rangi. Ingia kwenye mipangilio ya kioo, chagua rangi za asili, macho yako yatakushukuru unaposoma kazi za wanafunzi usiku. Kidevu cha chini ni kinene kidogo, nacho kinaipunguzia urembo. Utakizoea siku ya pili.

Hicho ndicho kioo simu ilichotoka nacho kiwandani. Swali ni kama bado inacho. Kioo halisi kikivunjika, kukibadilisha ni ghali, na sokoni kuna kopi za LCD, kioo cha aina nyingine, za bei ya kutupa. Simu inavishwa kopi, inasuguliwa, inarudishwa kwenye boksi, nawe unaambiwa "ya Dubai hii, haijaguswa". Nakwambia haya nikiwa mmoja wa walioliwa. Mwaka wangu wa pili kwenye ufundi nilinunua simu ya mkononi kwa mtu, mchana, chini ya taa kali za duka, nikajiona nimeokota dodo. Usiku ule umeme ukakatika mtaa mzima. Nikawasha simu nitafute mshumaa, na pale penye weusi kwenye kioo nikaona kijivu, kama maji ya mchele. AMOLED haifanyi hivyo. Kwenye AMOLED kila nukta ni taa yake, nyeusi maana yake taa imezimwa, giza tupu. LCD ina taa moja kubwa nyuma ya kioo chote, kwa hiyo weusi wake siku zote unavuja mwanga. Fundi mzima, nimevishwa kopi. Sikumwambia mtu kwa miezi mingi.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla hujatoka nyumbani, mwambie kijana wako akutumie picha nyeusi tupu kwenye WhatsApp. Dukani iweke kwenye ile simu, ijaze kioo chote, ingia nayo chini ya kaunta au ifunike kwa koti. Ukiona kijivu, rudisha, sema asante, ondoka. Ushahidi wa pili ni kile kisomeo cha kidole: kinahitaji kuona kupitia kioo, na kwenye kopi ya LCD hakifanyi kazi. Muuzaji akikwambia "hicho kisomeo ni apdeti tu inasumbua", cheka naye, kisha ondoka vile vile.

Halafu piga *#0*# kama unapiga namba ya mtu. Samsung nyingi zinafungua ukurasa wa majaribio: rangi nzimanzima za kutazama kama kuna mstari au doa, kipimo cha mguso unachokijaza kwa kidole kila kona, spika, mtetemo, kamera. Mwenye duka akiona unajua namba hiyo, bei yenyewe huanza kulegea.

Sauti. A34 ina spika mbili, moja chini, ya pili ni ile ile ya juu unayosikilizia simu. Usiipime kwa muziki wa dukani, ule wa ngoma nzito, kila simu inajua kupiga kelele. Nenda na taarab yako mwenyewe, unayoijua kila pumzi. Mimi napima kwa ganuni. Kwenye simu ya spika moja ganuni inazama chini ya fidla, unabaki na mlio tu wa jumla. Kwenye hii utaisikia ganuni imekaa upande wake. Kisha ziba spika ya chini kwa kidole gumba: sauti ipungue lakini isife. Ikikatika kabisa, spika ya juu imekufa au imezibwa na uchafu. Besi usitarajie, hakuna simu ya wembamba wa milimita 8 inayotoa besi, na ukifungulia sauti mpaka mwisho, waimbaji wa kike wanaanza kukwaruza. Iache robo tatu.

Tundu la hedifoni halipo. Kama una hedifoni za waya utahitaji kibadilishi cha USB-C, na hapa sikiliza vizuri, kwa sababu vibadilishi vinavyofanana kwa sura vipo vya aina mbili. Kuna chenye chipu ndogo ya sauti ndani yake na kuna kisicho nayo. Kisicho nayo, Samsung haikitambui, utakichomeka na kupata ukimya. Kijaribu hapo hapo.

Kasi haina mengi. Chipu, yaani ubongo wa simu, ya A34 ni Dimensity 1080, ya A54 ni Exynos 1380. Ya A54 ina viini vinne vyenye nguvu, ya A34 viwili. Kwenye magemu makubwa tofauti utaiona. Kwenye WhatsApp, PDF na gazeti huioni hata ukiitafuta na tochi. Jambo la kusisitiza ni RAM, kumbukumbu ambayo simu inafanyia kazi: zipo za GB 6 na za GB 8, chagua 8. Samsung waliahidi matoleo mapya manne ya Android na miaka 5 ya apdeti za usalama, maana yake mpaka 2028. Hapo utakuwa unakaribia kustaafu au umeshastaafu, Mwalimu, unasikiliza taarab mchana.

Betri ni ya 5,000 mAh, nzuri ikiwa bado ina afya. Kwenye programu ya Samsung Members kuna sehemu ya uchunguzi, itakwambia hali yake. Mwisho piga *#06#, namba ya IMEI, kitambulisho cha simu yenyewe, itokee, uilinganishe na ya kwenye boksi, kisha uitume kwa ujumbe kwenda 15090 uone jina la simu linalorudi. Unakumbuka Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu feki, watu wakaamka na vipande vya plastiki mfukoni. Wengine nilikuwa nimewabadilishia betri wiki ile ile, wakaja kunidai mimi.

Dada Fundi, mimi ni dereva wa taksi ya mtandao, Dodoma. Simu yangu ya AMOLED ina mwaka na nusu, ramani inakaa wazi kutwa nzima. Sasa kwenye kioo kuna kivuli cha ramani hata nikiwa YouTube. Fundi mmoja anasema kuna programu ya kukiosha. Kweli? Na ninunue simu gani sasa, bajeti yangu ya kati. — Dereva, Dodoma

Kaka, hakioshwi. Nimekwambia kwa Mwalimu kwamba kwenye AMOLED kila nukta ni taa. Taa zile zinachakaa kwa kuwaka, na za bluu zinachakaa mbele ya wenzake. Wewe umewasha taa zile zile, mahali pale pale, kwa mwangaza wa juu, saa kumi kwa siku. Kivuli unachokiona ni uchovu, si uchafu. Zile programu za "kuosha" zinamulika rangi kwa fujo ili nukta nyingine nazo zichakae zifanane, ni kama kukata miguu mitatu ya meza kwa sababu mmoja ni mfupi. Dawa ni kioo kipya, na kwa kazi yako kitachoka tena.

Ndiyo maana dereva simshauri AMOLED, na hapa nagombana na kila muuzaji wa simu wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Chukua LCD nzuri. Mfano ni Infinix Note 30, ile ya 4G: kioo LCD inchi 6.78, hezi 120, yaani hujichora mara 120 kwa sekunde, chipu ya Helio G99, spika mbili zilizowekwa jina la JBL, na tundu la hedifoni lipo. Kilichonivutia zaidi kwa ajili yako ni kwamba ina mpangilio wa kuendesha simu moja kwa moja kutoka kwenye chaja bila kupitisha umeme kwenye betri. Simu inayochomekwa kwenye gari kutwa nzima huku ramani ikiwaka inachemka, na joto ndilo linalovimbisha betri. Nimeshatoa betri za madereva zilizovimba kama maandazi. Washa mpangilio huo ukiwa barabarani, uzime usiku ukitaka kuchaji.

Ubaya wake upo. Haina mwangaza wa A34 juani, ni karibu niti 580, na Dodoma mnalo jua. Usiibandike kwenye kioo cha mbele cha gari. Ishikize kwenye tundu la upepo wa kiyoyozi, inapata kivuli na ubaridi kwa mkupuo mmoja. Ina gramu karibu 220, kwa hiyo kishikizi kiwe cha maana, siyo kile cha buku mbili kinachoiachia kwenye tuta.

Mambo dada fundi. Nipo chuo Morogoro. Simu yangu boksi limeandikwa RAM 16GB, ya roommate wangu ni 8GB, lakini yake inafungua vitu faster na yangu inastaki mpaka aibu. Nimeuziwa feki? — Mwanachuo, Morogoro

Poa mdogo wangu. Si feki, umesomeshwa hesabu ya sokoni. Tazama boksi vizuri, pembeni kwa maandishi ya sisimizi utakuta 8+8. GB 8 ni RAM. Hizo 8 nyingine ni kipande cha nafasi ya kuhifadhia kilichoazimwa kijifanye RAM. Mezani kwangu nina uwanja wa kufanyia kazi na nina droo. RAM ni uwanja, nafasi ya kuhifadhi ni droo. Kifaa nilichokiweka droo ninakipata, ila lazima niiname. Na kama simu yako inatumia hifadhi ya aina ya eMMC, ile ya polepole, badala ya UFS, ile ya kasi, basi hiyo droo ina kutu.

Ingia mipangilio, tafuta sehemu ya kuongeza RAM, ishushe mpaka chini au izime, zima simu uiwashe. Halafu fungua sehemu ya hifadhi uniambie imebaki ngapi. Nakisia ni chini ya GB 5, na nusu ya kilichojaa ni video za magrupu ya WhatsApp. Simu iliyojaa pomoni inakwama hata ingekuwa na RAM 32. Safisha mpaka ibaki angalau GB 20 tupu.

Ikiwa bado inasuasua, tatizo ni chipu. Kabla ya kununua nyingine soma jina la chipu kwanza, RAM baadaye. Helio G85 ni ya 2020, imetengenezwa kwa nanomita 12 (namba hii ikiwa ndogo ndiyo bora). Helio G99 ni ya 2022, nanomita 6, inakwenda kasi zaidi huku ikila umeme kidogo. Zote mbili utazikuta kwenye maboksi yanayong'aa sawasawa.

Dada Fundi, hujambo. Mie mvuvi wa Nungwi. Nimeambiwa A34 ina IP67, haiingii maji. Nataka kuchukua video samaki wakiwa chini ya maji pembeni ya mtumbwi. Itahimili? — Mvuvi, Nungwi

Sijambo kaka. Hapana, usiitie baharini. IP67 ni kipimo cha maji baridi, kina cha mita 1, dakika 30, simu ikiwa mpya kutoka kiwandani. Chumvi haimo kwenye kipimo, na chumvi inakula tundu la chaji kwanza. Tena kama ni used, chomoa kitoleo cha laini utazame: kuna mpira mwembamba unaokizunguka. Ukikosekana, au ukipitisha ukucha pembeni mwa mgongo ukahisi umeinuka kidogo, imeshafunguliwa, gundi ya kiwandani imekatika na IP67 imebaki kwenye boksi. Na hata isipoingia maji, kioo cha mguso kikizama hakijui kidole ni kipi na wimbi ni lipi, kitajibonyeza chenyewe na kuzima video yako.

Ikikudondokea kwa bahati mbaya, isuuze maji ya bomba, ipanguse, itikise maji yatoke tunduni, na usiichaji mpaka ikauke kabisa, hata kama ni kesho. Mchele mkavu hausaidii, unaacha vumbi tu.

Piga ukiwa juu ya mtumbwi, jua likiwa mgongoni kwako. Na ukimpata jodari kwenye video, nitumie.